Shajara ya njia ya polepole: Kisumu, visiwani na msituni

Januari, shule zimefunguliwa

Kazi imeanza. Tuko wachache: mimi ninayeandika, mwenzangu mchora ramani, dereva aliyezunguka Nyanza nzima akisambaza bidhaa za maduka, na dada mmoja wa Seme ambaye riziki yake ni kuwatembeza wageni pale Dunga, kwenye mafunjo ya ukingo wa Ziwa Victoria. Tunatengeneza mwongozo wa safari ya taratibu magharibi mwa Kenya. Msafiri atumie matatu, feri, boti, bodaboda na miguu yake. Alale nyumbani kwa watu panapowezekana, na asihame kila kunapokucha. Tunamlenga Mkenya mwenzetu wa Nairobi, Nakuru au Mombasa, ambaye ameiona Maasai Mara kwenye kalenda ya benki lakini hajawahi kupanda feri ya Luanda K'Otieno.

Mwenzangu alikuja na rasimu nzuri ya kutazama. Kit Mikayi, Rusinga, Mfangano, Ruma, Thimlich Ohinga, Tabaka, Msitu wa Kakamega, Webuye, Saiwa. Kila kituo na kilomita zake, kila siku na sehemu yake ya barabara. Dereva aliishika ile karatasi, akaisoma hadi chini, kisha akauliza, "Hii Jumamosi mnalala kwa nani? Jumamosi huku watu wako matangani."

Anayeishi huku anajua. Ijumaa mwili unatoka mochari, Jumamosi ni mazishi. Matatu nzuri zimekodiwa tangu Alhamisi, zilizobaki zinapandisha nauli, na yule mama uliyepanga kulala kwake yuko kijiji cha tatu akipika kwenye sufuria za chama. Mgeni atafika, atamkuta mtoto na mbwa. Kwa hiyo rasimu imeongezewa safu mpya upande wa kulia: siku gani, nani yuko wapi. Naona safu hiyo ndiyo itakayoamua mambo. Kutoka Kisumu hadi Mbita hakuna umbali wa kutisha mtu, lakini ukiondoka siku isiyofaa utaona milango tu.

Januari, mwisho wa mwezi

Hoja ya Nakuru imerudi mezani. Mmoja wetu anataka njia ianzie huko, mgeni aone flamingo kisha ateremke kuelekea ziwani. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Ziwa Nakuru lina wageni wake na lina barabara zake, halihitaji sisi. Kinachonivuta upande ule ni ukanda wa reli ya zamani, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence. Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni: unashuka kutoka baridi ya juu hadi kwenye miwa na joto, na ukifika Fort Ternan uko jirani na mahali mtafiti Louis Leakey alipopata mabaki ya Kenyapithecus, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni njia ya mwongozo mwingine kabisa. Tumeiweka kwenye faili, tumefunga faili.

Februari, Seme

Kit Mikayi iko kilomita kama 30 kutoka Kisumu, kando ya barabara ya kwenda Bondo. Majabali makubwa yamekaa juu ya majabali mengine, na kati yake kuna mapango. Watalii wengi hushuka garini, hupiga picha, hupanda kidogo, huondoka. Ukikaa hadi jua linapopoa utaona kwamba pale ni mahali pa ibada. Waumini, wakiwemo wa kanisa la Legio Maria, huja kuomba na kufunga, wengine kwa siku kadhaa. Dada yetu wa Seme ameandika sharti moja kwenye ukurasa wa Kit Mikayi na hataki lihaririwe: anayeomba hapigwi picha, hata kwa mbali, hata kama hajakuona.

Lakini kazi ya Seme haikuwa jiwe. Ilikuwa kitanda.

Tulikuwa tumepata mwenyeji, mama mjane mwenye boma safi, miembe miwili mikubwa na jiko linalotoa ngege wa mchuzi ambaye sitamsifia hapa, maana nitamaliza ukurasa. Alikuwa tayari kupokea wageni. Swali likawa walale wapi. Mchora ramani, mtu wa Nyeri, aliona sehemu tupu yenye nyasi upande mmoja wa lango, kivuli kipo, upepo upo, akapendekeza tumsaidie mama kujenga chumba kidogo hapo. Mama hakujibu. Alisema tungoje shemeji yake.

Mzee alikuja kesho yake asubuhi. Akanywa chai ya maziwa vikombe viwili bila kugusia habari hiyo. Ndipo akamgeukia mchora ramani: "Mwanangu, pale hapako tupu. Pale pana mwenyewe."

Katika boma la Mjaluo nyumba haziwekwi kwa kufuata kivuli. Nyumba ya mke wa kwanza hutazamana na lango, wake wengine hufuata kulia na kushoto kwa mpangilio wao, na karibu na lango ndipo vijana wa kiume hujenga simba zao, yaani nyumba zao za ujana. Ile sehemu ya nyasi ilikuwa ya kitinda mimba, anayesoma Eldoret na hajajenga bado. Kumwekea mgeni nyumba pale ni kumwambia kijana kwamba nyumbani hana mahali. Mzazi naye halali katika nyumba ya mwanawe, kwa hiyo hata kuhamishana vyumba ndani ya boma hakufanywi kiholela.

Suluhisho lilitoka kwa mzee mwenyewe. Simba ya kifungua mimba imesimama, bati zima, na mwenyewe yuko Thika. Kwa boma hili, alisema, mgeni asiye wa ukoo akilala humo kwa ruhusa ya kijana hakuna kilichovunjika. Boma jingine liulize wazee wake. Kijana akapigiwa simu, spika ikawekwa, tukamsikia akicheka. Alikubali, ila godoro lake lisiguswe. Tumenunua godoro jingine, lake limefungwa kwa nailoni na kusimamishwa ukutani.

Hapo hapo tukapata jambo la pili. Desemba vijana wote wanarudi nyumbani na simba zinajaa. Basi mwongozo utasema wazi kwamba kuanzia katikati ya Desemba hadi shule zinapofunguliwa njia hii haifanyi kazi. Vyumba havipo, na nauli ya kutoka Nairobi inapanda.

Machi, kuvuka

Feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita inakata mdomo wa Ghuba ya Winam na kukuondolea mzunguko wote wa kurudi Kisumu, Katito, Kendu Bay na Homa Bay. Inabeba magari, ng'ombe, magunia na sisi. Mvuko wenyewe ni mfupi. Kinachomaliza siku ni kungoja. Nimeandika kwenye mwongozo kwamba mtu apige simu kuuliza saa za siku hiyo na afike mapema, halafu atafute kivuli na samaki. Ukurasa wa feri umeishia hapo, ingawa mwenzangu angetaka jedwali.

Rusinga tumeipa usiku mbili. Unaingia kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2017, baada ya miaka mingi ya tuta lililokuwa limeziba maji kati ya kisiwa na bara. Yapo mambo mawili makubwa ya kuona na yote yanaweza kufikiwa kwa bodaboda. La kwanza ni kaburi la Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lake lina umbo la risasi na ndani kuna vitu vyake. La pili ni miteremko ya udongo ambako Mary Leakey aliokota fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Pale mlimani hakuna cha kuonyeshwa zaidi ya mmomonyoko na mbuzi. Nimeona afadhali tuseme hivyo mapema, asije mtu akatarajia kioo na taa.

Kutoka Mbita boti za mbao zenye injini huenda Mfangano, kituo kikuu ni Sena. Boti huondoka ikijaa. Tumeweka masharti mawili yasiyo na mjadala. Jaketi ya kuokoa maisha ivaliwe, isikaliwe. Na kuvuka kufanywe asubuhi, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unaamka na mawimbi yake si ya kuchezea. Anayechelewa boti za asubuhi alale Mbita. Nahodha mmoja alitusikia tukijadili akasema, "Andikeni hivyo hivyo. Mgeni ndiye hunisukuma niondoke saa tisa."

Machi, Mfangano

Hapa ndipo safu yetu ya siku ilipopata mwezi, namaanisha ule wa angani.

Omena, dagaa wa ziwa hili, huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Taa huelea juu ya maji, omena huifuata, wavu huinuliwa. Kazi hiyo inahitaji giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, taa haina nguvu dhidi ya mbalamwezi, na boti za omena hupumzika. Mgeni anayekuja kwa sababu ameambiwa kuna usiku ambapo ziwa linaonekana kama mji wenye taa, akifika wakati wa mbalamwezi ataona maji tu. Kwa hiyo mkono huu wa safari hauanzi Jumatatu wala tarehe mosi. Unaanza mwezi unapofifia. Mwenzangu ameanza kuchora duara dogo la mwezi pembeni ya kila juma, na lazima nikiri ramani imependeza.

Asubuhi ndiyo ya kukaa ufuoni. Boti zinaingia bado giza halijaisha vizuri, kina mama wanangoja na karai, bei inapigwa papo hapo kwa Kijaluo cha haraka ambacho sikukifuata chote. Kisha omena wanamwagwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani na mawe pembeni. Mama mmoja aliniweka kazini: usiwarundike, watawanye kwa viganja, na baada ya muda uwageuze kwa ufagio laini. Jua likiwaka vizuri wanakauka siku hiyo hiyo. Mvua ikija kabla hawajakauka wanaharibika, na omena aliyekuwa wa watu anakuwa wa kuku, kwa bei ya kuku. Nilimwona akitazama mawingu upande wa Uganda kila baada ya dakika chache, mikono haisimami.

Ukimaliza hapo kuna kisiwa cha kutembea. Mfangano ni nyumbani kwa Abasuba, ambao lugha yao imemezwa sana na Kijaluo. Makumbusho ya Amani ya Abasuba yanahifadhi vitu na habari zao, na pia husimamia safari za kwenda kwenye michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Ni miduara ndani ya miduara, mekundu na meupe, inayohusishwa na Watwa walioishi kwa kuwinda, na baadaye wenyeji walipatumia mahali hapo kwa mambo ya kuomba mvua. Nenda na mtu wa makumbusho, mlipe, uvae viatu vya maana. Mmoja wetu alienda na ndala na hatutamtaja.

Maonyo ya ziwa yamewekwa pamoja, kwa herufi nene: kichocho kipo, usitembee kwenye maji ya kingoni kwa kuwa tu yanaonekana masafi, kiboko hutoka jioni, neti ya mbu si pambo.

Aprili

Mvua. Barabara ya Seme ni tope, omena ni wa kuku, na sisi tuko Kisumu tunaandika.

Mei, kusini

Tumesubiri mvua ipungue ndipo tukaenda bonde la Lambwe, iliko Ruma. Hifadhi ya Taifa ya Ruma ina kilomita za mraba 120 na ndiyo pekee Kenya ambapo korongo, yule swala mkubwa na si ndege, bado yupo porini, naye amebaki wachache sana. Tatizo letu ni kwamba Ruma huzungukwa kwa gari, na udongo wake mweusi ukilowa unashika gari hadi kesho. Msafiri wetu hana gari. Tumebishana jioni nzima. Uamuzi: Ruma ni ya hiari, ya nusu siku, gari likodiwe Mbita au Homa Bay na watu wachangiane, na msimu wa mvua iachwe kabisa. Kuna mbung'o, na mbung'o hufuata rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mgeni aje na nguo za kaki au kijivu. Dereva alikuwa na jezi ya buluu. Amejifunza kwa shingo.

Thimlich Ohinga ni hadithi nyingine, na hapa mtu akae. Ni ngome ya mawe makavu, ukuta uliojengwa bila chokaa wala udongo wa kushikilia, na umesimama tangu karne ya 16 hivi. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018, na hata hivyo siku tuliyofika tulikuwa sisi na mlinzi wa Makavazi ya Kitaifa, na njiwa.

Mlinzi hakuanza kwa historia. Alituambia tuingie. Lango ni jembamba na fupi, inabidi uiname na uingie mmoja mmoja, na ukiwa umeinama hivyo shingo yako iko mbele ya mwili wako. Alingoja hadi wote tumeshaingia ndipo akasema, "Sasa fikiria kuna mtu amesimama hapa na rungu." Hakuna bango lingetueleza ulinzi vizuri kuliko hapo. Kisha akatuonyesha ukuta kwa karibu: mawe makubwa yaliyopangwa upande wa nje na upande wa ndani, na katikati madogo yaliyojazwa, yote yanabanana kwa uzito wao. Mawe hayakuchongwa. Yalichaguliwa. Mtu aliinua jiwe, akaligeuza, akaona halikai, akalitupa, akachukua jingine. Ndani kuna sehemu za zizi na misingi ya nyumba, na jamii tofauti zilipokezana kuishi humo na kuukarabati ukuta hadi karne ya 20.

Swali la usafiri: unaweza kuingia kutoka upande wa Ndhiwa au kutoka Migori, na popote utakapotokea mwisho ni bodaboda. Alfajiri au jioni ndiyo saa ya mawe hayo. Saa saba mchana ni joto tupu na huoni kivuli cha ukuta. Tunatafuta mwenyeji wa kulaza watu karibu. Tumepata familia moja iliyo tayari, ila choo chao kinajengwa. Hatutaandika chochote hadi kiwe na mlango.

Migori tunaipita.

Juni, Tabaka na Sondu

Tabaka, upande wa Kisii, ndiko litokako jiwe la sabuni linalouzwa kila kibanda cha vinyago kuanzia Maasai Market hadi uwanja wa ndege. Kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, kwa panga, tezo na visu, jiwe likiwa bado na unyevu na laini. Wanawake hupokea kilichochongwa na kukisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, kwanza msasa mkali, halafu laini, halafu laini zaidi, mpaka kidole hakikwami popote. Kinakaushwa, kinapakwa nta, kinang'arishwa kwa kitambaa. Ukinunua kiboko cha mezani Nairobi unamsifu mchongaji. Kaa na kina mama nusu siku utajua kwamba kile unachokishika na kukipenda, ule ulaini, ni kazi yao, na ndiyo inayolipwa kidogo.

Tumepanga mgeni alipie kukaa hapo asubuhi moja na asugue sahani yake mwenyewe. Barakoa lazima kwa atakayesogea karibu na wanaochonga, vumbi lile jeupe linaingia kila mahali. Malipo yanaenda kwa wanaofundisha, papo hapo, na sahani inalipiwa mbali. Mama mmoja aliuliza, "Na akiivunja?" Tukajibu amelipia. Akaridhika.

Kutoka Kisii kurudi Kisumu tunapitia Sondu, mji wa mpakani mwa Waluo na Wakipsigis. Siku ya soko, samaki na omena wanapanda kutoka upande wa ziwa, mboga, maziwa na nafaka zinateremka kutoka upande wa Kericho, na bei inatajwa kwa lugha tatu. Siku isiyo ya soko ni stendi na maduka ya simu. Ratiba yote ya kusini sasa imesogezwa ili ifike Sondu siku ya soko, na ni sawa.

Juni, uamuzi

Njia imekatwa vipande viwili: mkono wa ziwa na mkono wa msitu, kila mmoja unaanzia na kuishia Kisumu. Sababu ni hiyo hiyo ya siku. Mkono wa ziwa unafuata mwezi. Mkono wa msitu unafuata Jumamosi na saa ya mvua. Kujaribu kuviunganisha ni kumlazimisha mtu akose kimoja. Mchora ramani alinuna kidogo kwa sababu duara lake kubwa lilikuwa zuri. Limebaki kwenye ukuta wa ofisi.

Julai, msituni

Unatoka Kisumu kwa matatu ya Kakamega. Anayetaka kupiga picha na alama ya Ikweta apitie Maseno, hatumkatazi.

Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki mashariki kabisa cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo. Una pande mbili zenye wasimamizi tofauti: Isecheno kusini, chini ya huduma ya misitu, na Buyangu kaskazini, chini ya huduma ya wanyamapori. Tumechagua Isecheno kwa sababu kutoka Shinyalu unafika kwa bodaboda na waongozaji ni vijana wa hapo hapo, wanaotambua ndege kwa sauti kabla hujanyanyua shingo. Hondohondo hata mtoto atamsikia, mabawa yake yanapiga kelele angani. Mbega wako juu. Turako mkubwa wa buluu ndiye anayetafutwa na wageni, na akijitokeza usipige kelele.

Mvua hapa mara nyingi huja mchana kuelekea jioni, karibu kwa miadi. Basi siku ya msituni inaanza kabla ya saa kumi na mbili, kilima cha Lirhanda kwa macheo, matembezi hadi saa nne au tano, kisha nyumbani. Mchana ni wa ugali, mrenda, kuku wa kienyeji na kusikiliza bati. Mtu asiyeweza kukaa na kusikiliza bati ametuma pesa yake kwa mradi usiofaa.

Tumeweka kituo kwa wakulima wa kikundi cha Muliru, wanaopanda mrihani wa kafuri na kukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kupaka, riziki inayopatikana bila kukata miti ya msitu. Mkombero pia tumeutaja. Mzizi huo unatafunwa huku kama njugu, lakini tunamwomba mgeni anunue uliopandwa shambani na aulize kwanza.

Jumamosi, na hapa naomba nafasi. Upande wa Ikolomani na Shinyalu fahali hupiganishwa alfajiri. Hakuna tangazo la mwezi mzima. Wazee wa pande mbili hukubaliana, habari huzunguka juma lile lile, na ukiwa mgeni wa mtu utaambiwa Alhamisi au Ijumaa. Fahali hatoki nyumbani peke yake. Anatoka na kijiji, ngoma za isukuti mbele, baragumu, watu wanakimbia barabarani kukiwa bado na ukungu. Isukuti iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, lakini asubuhi ile hakuna mtu aliyekuwa analinda chochote, walikuwa wanapiga. Uwanjani fahali wawili wanasukumana pembe kwa pembe hadi mmoja akimbie. Hakuna mkuki wala panga, mnyama hauawi. Hatari ni kwa anayetazama: aliyeshindwa hukimbia popote, na umati haujui popote ni wapi. Sharti letu ni mgeni asimame pale mwenyeji wake anaposimama, awe na mti au ukuta karibu.

Dada wa Seme aliuliza kama tunapaswa kuweka jambo hili kabisa, kwa sababu ya wanyama. Tumeliweka kama la hiari, na maelezo ya kinachotokea bila kupamba.

Julai, kaskazini zaidi

Webuye: maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia, na kilima cha Chetambe ambako Wabukusu walipambana na Waingereza mwaka 1895. Siku moja inatosha. Kisha Saiwa, karibu na Kitale, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, takriban kilomita tatu za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kwenye maji. Huko unatembea kwa miguu tu, juu ya njia za mbao, na unapanda jukwaa la mtini unangoja. Hakuna hifadhi inayotufaa kuliko hiyo, na hakuna nyingine iliyokuwa na machache ya kupanga kama hiyo.

Agosti, pesa na kuku

Wenyeji wote wameketi nasi kwa zamu. Kila mmoja ametaja bei yake, na pesa inaingia M-Pesa yake moja kwa moja. Hofu kubwa haikuwa bei. Ni mgeni anayethibitisha, kuku anachinjwa, halafu simu inazimwa. Sasa kuku analipiwa siku moja kabla, na hiyo pesa hairudi. Namba za wenyeji hazitachapishwa. Mwenyeji mmoja aliwahi kuwekwa kwenye tangazo na bado anapigiwa saa nane usiku na watu wanaouliza kama ana bwawa la kuogelea.

Walimu wawili wa Nakuru walijaribu mkono wa ziwa shule zilipofungwa. Likizo ya walimu haingoji mwezi, wakafika Mfangano wakati wa mbalamwezi. Boti za omena zilikuwa zimepumzika, wavuvi wako ufuoni wanashona nyavu, na mwalimu mmoja, aliyekulia kwa fundi cherehani, alishona nao hadi jua likazama. Hatubadilishi ushauri wetu, giza ndiyo wakati wake. Lakini tumeongeza ukurasa wa juma la mbalamwezi kwa wasioweza kuchagua. Walilalamika kwamba herufi za ramani ni ndogo na kwamba hatukusema wapi simu huchajiwa Thimlich. Yote mawili ni kweli, yanarekebishwa.

Septemba

Choo cha karibu na Thimlich kina mlango na bati, mwenyeji ameingia kwenye orodha. Ramani ya Mfangano inachorwa upya kwa herufi kubwa. Mkono wa msitu unajaribiwa na kikundi cha Kisumu kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijashika, na wa Shinyalu wameahidi kutupigia Alhamisi kama kuna fahali. Mchapishaji wa Oginga Odinga Street anataka malipo nusu kwanza. Dereva anajadiliana naye.